Kadi Yangu, Damu Yako

Karakana, Chuo cha Tiba
4 Februari

Pacha,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda nayo stoo ambako hakuna wa kuniuliza mbona fundi unacheka huku unajifuta macho. Kwa hiyo una mimba ya miezi minne na umenificha miezi yote minne. Umefanya vizuri. Ningejua mapema ningekuandikia kila siku, ungelazimika kunijibu, na mwenye mimba hatakiwi kubeba vitu vizito.

Najua kwa nini ulinyamaza. Baada ya yule wa siku tatu aliyeondoka akiwa wa manjano, na yule wa mwaka juzi aliyetoka na miezi saba bila kulia, hata mimi nisingetangaza. Basi sitauliza kitu. Nitakupa habari zangu tu, uwe na cha kusoma ukiwa umeinua miguu kama ulivyoagizwa. Umeinua? Iinue.

Nimepewa kazi ambayo sijawahi kuiona tangu niajiriwe hapa. Unazijua kazi zangu: stuli za maabara, vitasa, meza zinazochechemea, na kile kiunzi cha mifupa cha darasani ambacho wanafunzi hukivunja paja kila muhula. Wiki iliyopita akaja Profesa, yule mama mwembamba anayetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu, ameshika karatasi. Kwenye karatasi kuna manati. Nikamwambia, "Mama, manati nakutengenezea kabla ya saa nne, nitajie tu ndege." Hakucheka. Akasema, "Fundi, hiyo ni kingamwili. Nataka iwe na urefu wako."

Akakaa juu ya debe la rangi akanieleza, na mimi unavyonijua nikiona mtu anaeleza kitu vizuri huwa naacha hata randa hewani. Anasema damu yetu imejaa hizi manati, hazihesabiki, ndogo kiasi kwamba jicho halina habari nazo. Zina minyororo minne. Miwili mirefu inasimama bega kwa bega kama shina, ikifika katikati inaachana, mmoja huku, mwingine kule. Mifupi miwili inajibanza, kila mmoja ubavuni mwa mkono wake. Vyote vimeshikizwa kwa vifungo vya salfa. Vifungo nimeweka waya wa shaba. Pale inapoachana nilitia bawaba ya mlango. Profesa akaifungua, akaifunga, akasema, "Hii inajua njia moja tu. Yangu inatakiwa iyumbe pande zote, kama mtu anayepapasa kabati bila taa." Nikakata kipande cha mpira wa bomba. Akanipa mkono. Miaka saba niko hapa, ndiyo mara ya kwanza kupewa mkono na mtu mwenye koti jeupe.

Chuo kizima wanaiita Manati ya Fundi. Sijali. Mwambie Kigoda mjomba anatengeneza mdudu asiye na kichwa. Shemeji msalimie akirudi safari.

Kaka yako, mkubwa kwako kwa dakika kumi na mbili

*

Nyumbani
19 Februari

Kaka,

Miguu nimeinua. Nashona nikiwa nimeinua mmoja, cherehani inataka huo mwingine. Sare za shule hazijui kama nina mimba.

Kigoda ameuliza mdudu asiye na kichwa anakula vipi. Nikamwambia mjomba wako atajibu, maana yeye hajawahi kukosa jibu. Ana miaka sita na keshajua kukunja uso kama bibi yake. Kila nikimtazama najiuliza, huyu alitokaje salama, halafu waliomfuata wakashindwa? Mlango ni uleule.

Sasa sikiliza. Shemeji yako alikataa safari hii nisipelekwe tena kwenye kituo chetu. Amenipeleka hospitali kubwa, siku nzima kwenye lori lake, mito miwili chini yangu na mmoja mgongoni, kama yai. Daktari wa pale ni kijana, anazungumza taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Akasoma kadi yangu ya kliniki, ileile tangu mimba ya Kigoda. Damu: O chanya. Akasema hata hivyo tupime upya. Nikapimwa. Akanipima mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akafunga mlango akaniambia: "Mama, wewe ni O hasi. Aliyekuandikia kadi hii alikosea."

Nikamuuliza, kwani hasi na chanya si mambo yao ya mahesabu? Akasema hapana. Akasema mume wangu ni chanya, Kigoda ni chanya. Akasema siku niliyomzaa Kigoda, damu yake kidogo iliingia kwangu, mwili wangu ukaiona ngeni, ukatengeneza silaha za kuikataa, na silaha hizo ndizo zilizowafuata wale wawili tumboni. Akasema kuna sindano. Ningechomwa ndani ya siku tatu baada ya kumzaa Kigoda, mwili wangu usingejifunza. Lakini nani angenichoma, wakati kadi inasema chanya?

Kaka, kwa miaka hiyo yote wamenipima malaria, wamenipima presha, wakampima shemeji yako kaswende akanuna wiki mbili. Mama mkwe akasema nina jicho baya. Kumbe ni neno moja kadini, limeandikwa kwa wino wa bluu na mtu asiyekuwa na haraka, herufi zimenyooka kabisa.

Aliyeliandika, popote alipo, namwombea asilale. Namwombea kila akinyoosha mkono kushika kitu aone neno lile. Unaona nimekuwa mtu wa kulaani, hukunizoea hivyo.

Silaha hizo alizosema daktari, aliziita kingamwili. Nikasema, ndugu yangu anaichonga hiyo kwa mbao. Akanitazama kama niliyepungukiwa akili. Basi niambie wewe, kwa lugha ya karakana. Inapitaje ikamfikia mtoto? Na kuna njia ya kuizuia?

Pacha wako

*

Karakana
2 Machi

Pacha,

Nilikawia kujibu kwa sababu nilitaka nimuulize Profesa vizuri, nisikupe maneno ya kuokota. Kwa bahati amenipa kazi ya pili na ya tatu, kwa hiyo niliuliza kama mtu anayeuliza vipimo vya mbao.

Ya pili ni nyota. Mwili ukikutana na kitu kigeni kwa mara ya kwanza, hutengeneza kwanza manati tano zilizofungwa pamoja kwa mashina, mikono kumi imetazama nje. Nimeichonga, imekuwa pana haipiti mlango wa karakana, tuliitoa dirishani. Ya tatu ni ukuta wa kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, umekatwa ubavuni ili wanafunzi waone ndani. Nikamuuliza Profesa: nyota inapita hapa? Akasema haipiti. Ni kubwa, na hakuna anayeipokea. Kwa hiyo mtoto wa kwanza husalimika. Hilo ndilo jibu la swali lako juu ya Kigoda.

Lakini mwili huwa hautosheki na nyota. Baadaye unatengeneza ile moja moja, ndogo. Na hiyo, pacha, haipenyi kama mwizi. Inapokelewa. Ukutani kuna vishikio vinavyolijua lile shina, vinaishika, vinaivusha, vinaiweka upande wa mtoto. Profesa anasema hiyo ni huruma ya maumbile: mama anampa mtoto ulinzi wake wote kabla hajazaliwa, surua na pepopunda na kila alichowahi kupigana nacho. Vishikio havitazami mikono, vinatazama shina tu. Na mashina yote ni sawa. Ile inayoshika surua na ile inayoshika chembe nyekundu za mwanao, zote zinavushwa kwa heshima ileile.

Kwa hiyo mwili wako haukufanya ubaya. Ulikuwa unampa mtoto kila ulicho nacho. Mwambie mama mkwe hilo kuhusu jicho.

Kuizuia, anasema sindano ile haisaidii tena, mwili ukishajifunza hausahau. Lakini kuna hili, lishike: shemeji akiwa na chanya upande mmoja tu wa urithi wake, basi nusu ya watoto wake watakuwa hasi kama wewe, na manati zako hazitakuwa na cha kushika kwa mtoto huyo. Atapita katikati yao kama mgeni aliyevaa sare. Nusu kwa nusu. Watu wameanza safari wakiwa na uhakika mdogo kuliko huo.

Kuhusu kadi, usijichoshe. Vituo vidogo vile makosa ni mengi, kadi zinachanganyika, watu wanaandika wakiwa wamechoka. Hata hapa chuoni nimeona mambo. Hasira haimfai mtoto.

Mwambie Kigoda mdudu hali chochote, anashika tu.

Kaka yako

*

Hospitali kubwa, wodi ya wanaosubiri
21 Machi

Kaka,

Nimelazwa. Usishtuke, siumwi, nasubiri. Wodi hii wote tunasubiri, tuko kumi na mmoja, na kila mmoja anajua kipimo cha mwenzake kama majirani wanavyojua mlo wa jirani. Changu wanakipima hivi: wanachukua damu, wanaizimua mara mbili, mara mbili tena, wanaangalia inaendelea kushika mpaka wapi. Nilipokuja ilishika mpaka thelathini na mbili. Juzi, mia mbili hamsini na sita. Daktari aliposema namba ile hakunitazama usoni, alikuwa anatafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.

Kwa hiyo yule mgeni wako mwenye sare, nadhani hatujabahatika naye. Mwili haupandishi namba bila kuona adui. Watajaribu kumtoa mapema na kumbadilisha damu. Kuna njia ya kumwongezea damu akiwa tumboni, lakini huku hawaifanyi.

Shemeji yako ameshindwa kukaa. Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kituoni kwetu na kadi mkononi. Nesi aliyenizalisha bado yupo. Mwenyewe akakiri mwandiko ni wake. Shemeji akamtukana mbele ya kina mama waliobeba watoto, akamwita muuaji. Sasa kumefunguliwa shauri, ameitwa kujieleza mbele ya wakubwa, na wanasema atavuliwa kazi, bado miaka miwili astaafu. Shemeji alipokuja kunisimulia alikuwa amesimama wima kama mtu aliyetua mzigo.

Wanawake wa wodini walishangilia. Mimi nilisema nataka kulala.

Kaka, wewe ndiye uliyenipeleka siku ile, shemeji yako alikuwa njiani na lori. Ulikaa na nesi yule usiku mzima. Hukumbuki chochote? Kama unakumbuka lolote la kusaidia, niandikie. Nasubiri.

Pacha wako

*

29 Machi

Kwako Fundi, Chuo cha Tiba,

Huenda umenisahau. Mimi ni nesi wa kituo ambako dada yako alijifungulia mtoto wa kwanza. Wewe sikukusahau. Wanaume wengi huleta wake na dada zao wakakimbilia nje. Wewe uliomba ufagio. Ukafagia korido huku ukinisimulia jinsi mlivyozaliwa na mama yenu akadhani amemaliza, mpaka dakika kumi na mbili baadaye. Nilicheka, na nilikuwa nimeshinda zamu mbili bila mwenzangu.

Nilikuuliza kundi la damu la dada yako kwa sababu dawa ya kupimia ilikuwa imeisha wiki mbili. Ukatoa mfukoni kadi yako ya kuchangia damu, imechapwa vizuri, na mhuri wa Chuo cha Tiba. Ukasema, "Andika hiihii, sisi ni mapacha, tulipewa damu moja tukagawana." Ukasema unafanya kazi chuo hicho. Nikadhani ninazungumza na mtu wa maabara. Nikanakili.

Nimejua juzi tu, nilipouliza anwani yako, kwamba wewe ni fundi wa mbao.

Wakubwa waliniuliza nililitoa wapi neno lile. Nimesema sikumbuki. Sikuandikii ili ujitokeze. Mkono ulioshika kalamu ni wangu, na nilisomeshwa kwamba damu hupimwa, haisimuliwi. Hilo nitalijibia mimi.

Nakuuliza jambo moja tu. Dada yako anajua? Kama hajui, litamfikia kwa mdomo wa mwingine. Mimi nimepeleka habari nyingi mbaya kwa watu maishani mwangu, nakwambia: si habari zinazowamaliza, ni aliyezileta.

Nesi wa wodi ya wazazi

*

Karakana
8 Aprili

Pacha,

Barua hii nimeianza mara tisa. Zile nane zilikuwa na utani.

Neno lililo kwenye kadi yako nimelitia mimi.

Nesi alikosa dawa ya kupimia akaniuliza. Ningesema sijui. Neno moja, sijui, nisingepungukiwa kitu. Badala yake nikatoa kadi yangu. Nilikuwa nimeajiriwa mwaka mmoja kabla, na kuchangia damu kulinipa kadi yenye jina la chuo juu, nikaibeba kila mahali kama cheti. Nesi alipoiona akaanza kuniita bwana. Sikumwambia kazi yangu ni stuli. Nilimwacha aamini. Nikamwambia sisi ni damu moja. Nililisema kwa sababu lilipendeza kusemwa, na kwa sababu watu wamekuwa wakituambia hivyo tangu tulipokuwa tukilala kichwa na miguu kwenye kitanda kimoja, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna anayeweza kulikagua.

Nilijua lini? Nilijua Februari, barua yako ilipofika, kwenye ule mstari wa wino wa bluu. Lakini nilitaka kuwa na hakika kwamba sina hatia, kwa hiyo nilimwendea Profesa, nikauliza kama ninauliza mambo ya watu baki: mapacha wa kiume na wa kike wanaweza kutofautiana damu? Akasema, "Fundi, hao ni ndugu kama ndugu wengine. Wamepanga chumba kimoja tu." Nikamshukuru. Nikarudi kwenye ile nyota nikaendelea kuipiga msasa mpaka nikatoboa mkono wake mmoja.

Kisha nikakuandikia barua ya tarehe mbili Machi. Kila nilichokuambia mle ni kweli, pacha, nilikihakikisha. Ndiyo ubaya wake. Nilikupa kweli nyingi ili moja isionekane.

Nimeelewa kitu kingine. Ile sindano ambayo hukuchomwa, unajua ndani yake kuna nini? Ni manati hizihizi. Zimetolewa kwenye damu ya watu wengine. Zinaingia, zinakamata chembe za mtoto zilizopotea njia ndani ya mama, na zinaondolewa kabla mwili wake haujaziona. Kitu kilekile kilichowaua ndicho kingewaokoa, kama kingewahi zile siku tatu za kwanza. Nilikaa siku hizo tatu kwenye kituo kile. Nilikuwa nakuchekesha.

Nesi mwenyewe ameniandikia, na leo nimewaandikia wakubwa wake, nimeeleza yote, na kadi yangu nimeiambatisha. Nakala hii hapa. Shemeji naye nitamwandikia, ukiniruhusu. Sikuombi unisamehe ukiwa katika hali hiyo, isije ikawa kazi nyingine ya kukuinua kitandani. Nakuomba tu ujue kutoka kwangu.

Ile manati imekamilika. Profesa aliniita darasani nisimame pembeni wakati wanafunzi wanaifungua. Wakapiga makofi. Sikujua nielekeze uso wapi.

Kaka yako

*

Karakana
5 Mei

Pacha,

Sijui kama barua ya Aprili ilikufikia. Kama ilifika na hutaki kujibu, usijibu. Kama haikufika, niambie niiandike upya, maana nina neno muhimu mle na sitaki ulisikie kwingine.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Niambie tu nije au nisije. Neno moja linatosha.

Kaka yako

*

Nyumbani
11 Juni

Kaka,

Ilifika. Ilifika tarehe kumi na tano Aprili, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro, nikaulalia uzito wake wiki sita.

Walimtoa tarehe ishirini na sita Mei. Mvulana. Alilia, kidogo, kama mlango unaofunguliwa kwa adabu. Tumbo limevimba, ngozi imepauka, lakini vidole vyote vipo na kucha. Walimbadilisha damu mara mbili, daktari kijana alikaa naye muda wote, anavuta kidogo, anarudisha kidogo. Aliishi saa kumi na tisa. Shemeji yako alimshika kwa saa ile ya mwisho, akaniambia nisimtazame. Nilimtazama. Alikuwa na masikio yako, yale yanayosimama kama yanangoja kuitwa. Sikukuambia uje kwa sababu sikutaka uyaone.

Sasa nami nina langu.

Siku ile kwa nesi, kati yenu na mimi kulikuwa na pazia tu. Uchungu ulikuwa umeniachia kidogo. Nilikusikia. Nilisikia unatoa kadi, nilisikia unasema tulipewa damu moja tukagawana. Nesi akavuta pazia, akaniuliza mimi mwenyewe, uso kwa uso: "Ni kweli?" Nilikuwa nacheka. Nikamwambia, "Huyo hajawahi kukosea. Andika."

Yeye hakukuandikia hilo, sivyo? Wala kwa wakubwa hakulisema. Amekulinda wewe, na mimi akanilinda zaidi.

Kwa hiyo daktari aliposema neno hasi, kabla hajamaliza sentensi yake nilikuwa nimeshafika kwenye lile pazia. Ile barua yangu ya laana nilijua naiandika kwenda kwa nani. Kwako, na kwangu. Nilikuwa nakuuliza. Nilidhani utaisoma na utasema hapohapo, ndiyo pacha, ni sisi. Ukanijibu kurasa na kurasa, nyota na ukuta na vishikio, ukanieleza vizuri mpaka wodini niliwasomea wenzangu, na hukusema. Nikakuuliza tena Machi, kwa kukutajia siku na mahali, na sijui kama ungejibu nesi asingekuandikia. Kadi niliweza kuibeba, maana tuliiandika wote. Barua ile ndiyo sikuiweza. Nililala pale nimezungukwa na watu kumi, nikaona niko peke yangu kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe.

Halafu nami nikamwacha mume wangu aende kumwita yule mama muuaji. Ningemzuia kwa neno moja. Hata aliporudi kunisimulia, nilisema nataka kulala. Unaona ulivyosema kuhusu neno moja. Na mimi nina langu.

Jana nilikwenda kwa nesi. Amehamishiwa stoo ya dawa, anahesabu chupa mpaka astaafu. Barua yako ndiyo iliyomponya asifukuzwe, alinionyesha nakala. Nilimwambia mbele ya msaidizi wake kwamba tulikuwa wawili tuliomdanganya, mmoja mbele ya pazia na mwingine nyuma. Akaniuliza mtoto alikuwa na uzito gani. Nikamwambia. Akauandika kwenye karatasi, sijui kwa nini, labda ni mazoea ya mkono.

Shemeji yako usimwandikie. Nitamwambia mwenyewe akirudi safari, yako na yangu kwa pamoja, maana nikimpa yako peke yake nitakuwa nimekufanya nesi wa pili. Sijui atafanya nini. Kizazi tumeamua nifunge, wamekifunga. Nimebaki na Kigoda, na hizo manati zangu ambazo daktari anasema zitaendelea kuzunguka damuni mwangu miaka yote, zinapapasa, hazina tena wa kumshika. Nikikaa kimya kwenye cherehani huwa nazifikiria. Sizichukii. Ziliambiwa linda, zikalinda.

Usije kwa sasa. Nikikuona nitakushika mkono kabla sijawa tayari kukushika, halafu nitabaki na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

Lakini niandikie. Andika kila wiki, hata mistari minne, nijue uko. Usinichekeshe tu. Nitakuambia siku ikifika.

Pacha wako